Jina Nililolifumua

Kulifumua jina lile kulinichukua dakika kumi. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi alasiri, mezani kwangu, mlango ukiwa wazi. Nilishika wembe mpya nikakata uzi wa manjano herufi baada ya herufi, M, B, I, N, Y, A, mpaka mgongo wa jezi ukabaki na nambari nane peke yake. Nyuzi nilizikunja kwenye gazeti nikazitia motoni. Mimi ni mtu wa kazi, nikianza kitu nakimaliza, na siku hiyo nilikuwa na mambo kumi na moja kwenye orodha. Hili lilikuwa la saba.

Aibu ilikuja Jumapili. Haijaondoka.

Jina langu ni Katunge, lakini mji mzima wa Kabati wananiita Mama Yvonne. Nina duka la mbegu na dawa za mifugo karibu na soko, nina diploma ya usimamizi wa biashara, na kwa miaka sita nilikuwa katibu wa ligi ya voliboli ya akina dada wa Kitui na Makueni. Katibu ndiye anayeandika barua, anayewapigia marefa simu, anayetafuta wavu ukipotea. Pia ndiye anayeandika majina ya wachezaji kwenye fomu. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Ligi yetu ilianza na timu tisa. Mwaka huu zilibaki tano: Kabati, Kibwezi, Sultan Hamud, Wote na Mutomo. Hatukuwahi kuwa na pesa, lakini tulikuwa na taratibu zetu. Akina mama wa timu mwenyeji walipika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na ndengu, na mechi ikiisha wageni na wenyeji walikula pamoja uwanjani. Na jezi zilikuwa na majina yaliyoshonwa kwa mkono. Sisi Wakamba mtoto hupewa jina la nyanya yake au babu yake, na huyo mwenye jina ana sehemu yake katika kila jambo la mtoto. Ligi ilipoanza hatukuweza kulipia uchapaji, kwa hiyo kila mama alishona jina hilo mgongoni mwa jezi ya binti yake, kwa uzi ule wa kusukia viondo, vikapu vyetu. Siku ya mechi nyumbani, mwenye jina akiwa hai, anawekewa kiti cha mbele kabisa, karibu na mstari.

Jezi ya Yvonne wangu ilikuwa na jina SYOKAU, la mama yangu, ambaye ni marehemu. Jezi nambari nane ilikuwa ya Mbinya, binti ya rafiki yangu Kalekye. Mwenye jina ni Susu Mbinya, nyanya yake. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na kule kwetu ukisema Susu bila kuongeza kitu, watu wanajua unamsema yeye. Ana miaka themanini na kitu na mtoto wa jicho macho yote mawili. Rangi anaiona. Nambari kubwa nyeupe kwenye kitambaa chekundu anaiona. Nyuso haoni tena. Kila mechi ya nyumbani alikaa pale mbele akifuata ile nane na kujiita kwa sauti: "Mbinya! Piga, Mbinya!" Watu walicheka, naye alijua wanacheka, akazidisha.

Mwezi wa Machi tulifanya mkutano wa ligi Kibwezi, kwenye ukumbi wa kanisa. Nilisimama nikasema wazi kwamba ligi inakufa. Watu wako kwenye vibanda wakitazama mpira wa Uingereza. Tunahitaji mtu ambaye jina lake pekee litawatoa huko. Nikawaambia kuna Clarisse Ndoumbe, aliyekuwa nahodha wa Kameruni, amecheza Uturuki, amecheza Italia, na sasa yuko Nairobi kwa miezi mitatu akifundisha makocha. Video zake kila msichana wa ligi alikuwa nazo kwenye simu.

Mwalimu Musyimi, kocha wetu wa Kabati, alikuna kichwa. "Na akiondoka, Mama Yvonne?"

"Akiondoka tutabaki na watu."

"Watu wa nani?"

"Watu, Mwalimu. Mashabiki. Unataka nikuchoree?"

Wakacheka. Abdiwahid hakucheka. Huyu ni mfanyabiashara wa mbuzi, huwaleta kwa lori kutoka Garissa mpaka Kibwezi, na binti yake Hodan anachezea Kibwezi. Lori lake ndilo lililokuwa likibeba timu kwenda ugenini, baada ya kuoshwa vizuri.

"Mimi nitakwambia kitu cha sokoni," alisema. "Nikileta beberu mmoja mkubwa, mweupe, pembe hivi, watu wote wanakuja kumtazama. Wanampiga picha. Halafu wanarudi kwa jirani kununua mbuzi wa kawaida."

"Lakini wanakuja," nikasema.

"Wanakuja," akakubali. "Hilo siwezi kukataa."

Basi nikaandika barua. Clarisse alijibu ya tatu. Angecheza mechi tatu. Abdiwahid na wenzake wa maduka wakalipa, tukapiga kura ya vikaratasi kuona atachezea timu gani, na Kabati ikamwokota. Nilitumia fomu yetu ya kawaida ya usajili, akaijaza, na penye nambari akaandika nane.

Orodha ya timu ina majina kumi na mawili, hakuna la kumi na tatu. Mmoja wetu alilazimika kutoka. Musyimi alikuja dukani akaegemea kaunta, akaanza kugeuzageuza pakiti ya mbegu za sukuma.

"Mama Yvonne, unisamehe. Wa kutoka ni Yvonne. Mwaka huu hajaanza mechi hata moja."

"Nimesikia."

"Basi uandike hivyo."

"Nimesema nimesikia, Mwalimu."

Niliandika. Nikamtoa Mbinya.

Nilikuwa na sababu zangu. Clarisse na Mbinya wote wanapiga kutoka upande wa kushoto, kwa hiyo hawawezi kutumika pamoja. Clarisse anataka nane, na jezi tunazo kumi na mbili tu. Hizo ndizo sababu ningezitoa kama ningeulizwa. Sababu yenyewe ilikuwa nyingine. Kwa ajili ya Clarisse, kocha wa timu ya shirika moja la Nairobi alikuwa anakuja Kabati, na kila mtu alijua anatafuta wasichana wa kuajiri. Mshahara, nyumba, kazi ya kudumu. Yvonne amemaliza chuo mwaka juzi na yuko nyumbani. Mbinya amemaliza kidato cha nne na anauza nyanya na mama yake. Mmoja wao alikuwa na kipaji. Mwingine alikuwa wangu.

Jezi zote zilikuwa kwangu wiki hiyo kwa sababu ilikuwa zamu yangu ya kuzifua. Nilipomaliza kufumua jina niliona kitu ambacho sikukitarajia. Jezi imepauka kwa jua la miaka minne, lakini chini ya uzi rangi ilibaki mpya. Jina lilikuwa bado linasomeka, jekundu lililoiva juu ya jekundu lililochujuka. Nikakata kitambaa cheupe, nikaandika CLARISSE kwa wino usiotoka, nikakishona juu yake.

Jumamosi asubuhi Kalekye alikuja dukani kununua chanjo ya kuku. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Naapa nilikuwa nimejiandaa.

"Susu amenyolewa jana," alisema kabla sijafungua kinywa. "Amenunuliwa leso. Amekataa ya bluu, ati anataka nyekundu."

"Nyekundu ya nini?"

"Ya timu! Anasema huyo kocha wa Nairobi akiona Mbinya wawili wamevaa nyekundu hawezi kusahau jina."

Tukacheka. Mimi pia nilicheka. Nikamfungia chanjo kwenye karatasi na barafu kidogo.

"Mbona unanitazama hivyo?" akauliza.

"Nimechoka tu."

"Hii ligi itakuua, dada yangu. Kesho tupike saa ngapi? Niliwaambia wenzangu muthokoi uwekwe motoni alfajiri."

"Kesho msipike. Nimepanga na hoteli."

"Hoteli?"

"Wageni ni wengi, Kalekye. Kuna viti vya wageni, kuna kamba. Sufuria zitasumbua."

"Haya. Wewe ndiye katibu." Akatoka. Alisimama kwa muuza viatu, hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, akageuza viatu vya michezo, akauliza bei, akaviacha, akavirudia tena. Alikaa pale muda wa kutosha mimi kumwita mara kumi. Nilipanga chupa za dawa ya kupe kwenye rafu.

Jumapili baada ya kanisa uwanja wa Kabati ulijaa kuliko nilivyowahi kuuona. Vijana walikaa juu ya mapaa ya vibanda. Waendeshaji boda walipanga pikipiki zao safu mbili. Clarisse aliposhuka garini, mrefu hivyo, anapungia watu mkono, kelele zilisikika mpaka barabara kuu. Nilijivuna. Siwezi kudanganya kuhusu hilo pia.

Mbinya alikuja chumba cha kubadilishia akiwa tayari amefunga viatu, mkono ameunyoosha kupokea jezi yake kama kila wiki.

"Kuna tatizo la fomu," nikamwambia. "Imerudi bila jina lako. Hizi kompyuta."

Alinitazama, akaitazama nane iliyokuwa kwenye mkono wangu na kile kitambaa cheupe mgongoni.

"Na jezi yangu?"

"Mgeni ametaka nane."

"Sawa, aunti."

Aliinama akafungua viatu, akavifunga pamoja kwa kamba zake, akavitundika begani, akatoka. Yvonne alikuwa amesimama pale pale na jezi yake nambari kumi na moja. Alikuwa amesikia kila neno, na anajua fomu haijazwi na kompyuta.

Musyimi alinifuata nje. "Nilikwambia jina gani?"

"Nimeshatuma, Mwalimu."

"Sikukuuliza kama umetuma. Nilikuuliza jina."

Nikaenda kuangalia jenereta ya kipaza sauti. Ilikuwa sawa. Nikaiangalia tu.

Viti vya mbele niliwawekea waliolipa, lakini kile cha Susu sikuthubutu kukigusa. Alikuwa amekaa hapo na leso yake nyekundu, mikono juu ya fimbo. Mechi ilikuwa na Kibwezi. Timu zilipoingia, alinyoosha shingo akatafuta, na alipoiona nane nyeupe akasimama.

"Mbinya!" akaita. "Mbinya wangu! Piga!"

Clarisse akapiga. Mpira uligonga ardhi kabla wasichana wa Kibwezi hawajainua mikono. Watu wakapiga mayowe, na Susu akageuka kwa majirani asiowaona, akawaambia, "Mmeona? Mmemuona? Huyo ni mimi!"

Watu walio karibu naye wakanyamaza. Walimjua Mbinya, na walijua siye yule aliye uwanjani. Kimya kile kilianza kwenye kiti cha Susu kikasambaa pembeni, mtu mmoja mmoja, huku upande wa pili wageni wakiendelea kushangilia. Nikatazama ili nijue kwa nini hakuna anayemwambia. Nyuma ya kiti chake alikuwa amesimama Mbinya mwenyewe. Alikuwa ameshika mwavuli, anamkinga nyanya yake jua, viatu vyake viko begani. Kila mtu aliyefungua kinywa kumwambia Susu, Mbinya alimtikisia kichwa, hapana. Yeye mwenyewe hakutoa sauti hata moja. Alikuwa anapumua polepole ili Susu asijue ni nani aliye nyuma yake.

Seti tatu. Seti zote tatu Susu alishangilia, na Clarisse alimsikia, na kila akipata pointi alimpungia mkono. Kalekye alikuwa upande wa pili wa kamba, pamoja na wanawake ambao nilikuwa nimewaambia wasilete sufuria. Alinitazama mara moja. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu, hata na mama yangu alipokuwa na hasira. Hakukuwa na hasira. Alikuwa ananihesabu upya.

Yvonne aliingizwa seti ya pili. Servi mbili alizitia kwenye wavu. Kocha wa Nairobi hakuandika kitu juu yake. Aliandika nambari ya simu ya Hodan wa Kibwezi, na baba yake Abdiwahid akamshika mkono kwa mikono miwili. Kisha kocha huyo akaja kwangu, kwa sababu mimi ndiye katibu.

"Yule msichana mrefu mwenye mwavuli, ana mabega ya mchezaji. Hachezi?"

"Leo hachezi."

"Pole," akasema, akaingia garini.

Jioni hiyo, tukingoja chakula cha hoteli, Clarisse aliniuliza kwa Kiingereza, "Mbinya ni nini? Yule mama mzee ameniita hivyo mechi nzima."

Ningeweza kusema. Alikuwa ameuliza kwa upole, tena tulikuwa wawili.

"Ni jina la heshima," nikasema. "Huku tunamwita hivyo mchezaji tunayempenda."

Alifurahi sana. Kesho yake aliweka video kwenye ukurasa wake. Sauti ya Susu ilisikika wazi, "Mbinya wangu!", na chini aliandika kwamba watu wa Kabati wamempa jina jipya. Maelfu ya watu wakalipenda. Ilifika kwenye simu ya Kalekye kabla ya saa sita mchana.

Mechi ya pili ilikuwa Sultan Hamud. Watu walikuja nusu ya wale wa kwanza. Walikuwa wamekwisha kumwona. Ya tatu ilikuwa Wote, na kabla haijaanza Clarisse aliniita kwenye chumba cha kubadilishia. Yvonne alikuwa naye. Yvonne alikuwa na wiki mbili hasemi nami ila habari za asubuhi.

Clarisse alikuwa ameshika jezi, na kitambaa cheupe kilikuwa tayari kimebanduliwa, kiko juu ya benchi.

"Binti yako amenieleza," akasema. "Si jina la heshima. Ni jina la mtu."

"Ulitaka nane," nikasema.

"Fomu yako ina mstari unaouliza nambari ninayopenda. Nikajaza. Ungenipa thelathini ningevaa thelathini."

"Tulikuwa na jezi kumi na mbili tu."

"Basi ungenipa ya binti yako."

Yvonne alivua jezi yake ya kumi na moja, akabaki na fulana, akampa. Clarisse akaivaa. Alipogeuka kutoka nje nikaliona jina la mama yangu mgongoni mwa mtu ambaye hakumjua, likienda uwanjani bila mimi kuombwa. Na hili lilitolewa kwa hiari, na mwenye jina amelala kaburini, hawezi kuita.

Ile video aliifuta siku hiyo hiyo. Baada ya mechi akanirudishia nane, imekunjwa vizuri, akarudi Nairobi. Alikuwa mtu mwema na alicheza kwa bidii mechi zote tatu. Simlaumu kwa lolote.

Wiki iliyofuata tulicheza na Mutomo nyumbani. Viti vilikuwa vitupu. Wageni wa Clarisse hawakurudi, hilo Abdiwahid alinionya. Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni kwamba wanawake wa sufuria nao hawakuja, wala waume zao, wala watoto wao, wala wenye majina wao. Hakuna aliyeitisha mgomo. Kila mmoja alikuwa na kazi nyumbani. Musyimi alihesabu watazamaji kwa kidole, akafika kumi na mmoja, mmoja wao akiwa fundi aliyekuja kuchukua jenereta yake.

"Wale watu uliosema tutabaki nao," akaniambia, "ndio hawa?"

Nikampa muhuri wa ligi na faili. Alivipokea bila kunibembeleza. Nilimwandikia kocha wa Nairobi nikamweleza ukweli wote, mstari kwa mstari, nani alitolewa, nani alimtoa na kwa nini. Alijibu kwamba nafasi zimejaa mpaka mwaka ujao, na kwamba msichana akitaka aandike mwenyewe, asiandikiwe na mtu.

Dukani watu walinunua kwangu kama kawaida. Walinisalimu kwa adabu. Hiyo adabu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ningependa mmoja anitukane nikajua tumemaliza.

Jumanne nilifunga duka asubuhi, nikaenda kwa Kalekye na jezi ndani ya mfuko, pamoja na kibuyu cha uzi wa manjano, maana uzi ule huuzwa umeviringishwa kwa umbo hilo. Mbinya alikuwa kisimani. Kalekye alikuwa ameketi nje anapukuchua mbaazi. Susu alikuwa ukutani, kwenye jua, amefumba macho.

"Kalekye, nimekuja kuomba msamaha."

"Umekuja na nini kwenye mfuko?"

"Jezi. Nimeirudisha."

"Irudishe ilivyokuwa."

"Nimenunua uzi. Nilifikiri kwa sababu wewe ndiye unayejua kushona vizuri—"

"Irudishe ilivyokuwa, Katunge."

Miaka kumi na nane ananiita Mama Yvonne. Akasukuma kigoda kwa mguu mpaka karibu yangu, akarudi kwenye mbaazi zake.

Nikakaa. Sijui kushona vizuri, jina la Yvonne lilishonwa na dada yangu. Lakini jina lilikuwa limekwisha kuandikwa pale, jekundu juu ya jekundu, nami nililifuata kwa sindano kama mtoto wa chekechea. M ilinichukua karibu nusu saa. Nilijichoma mara tatu. Kalekye hakuinua kichwa.

"Nani huyo?" Susu akauliza.

Kalekye aliendelea kupukuchua.

"Ni mimi, mwaitu," nikasema, kama tunavyowaita mama zetu. "Mama Yvonne."

"Katibu!" Uso wake ukafunguka. "Haya niambie wewe uliyekuwa karibu. Siku ile ya wageni, ile ya mwisho aliyopiga Mbinya, iliangukia wapi? Mimi nilisikia tu watu. Huyu mtoto nikimuuliza anasema hakumbuki. Mtu anaweza kusahau kitu kama hicho?"

Mikono ya Kalekye ilisimama juu ya ungo. Nilimtazama anisaidie. Hakunisaidia.

"Mwaitu, yule hakuwa Mbinya."

"Nani?"

"Yule mwenye nane. Alikuwa mgeni. Mbinya hakucheza siku hiyo. Mimi nilitoa jina lake kwenye orodha ili wangu abaki, nikamvua jezi, nikalifumua jina lako nikalichoma. Ndilo ninalolishona sasa."

Kuku alipita kati yetu akidonoa mbaazi zilizoanguka, na hakuna aliyemfukuza.

"Kwa hivyo nilimpigia makofi mtu mwingine."

"Ndiyo, mwaitu."

"Mbele ya watu wote. Nikasema ni mimi."

"Ndiyo."

"Alikuwa anacheza vizuri?"

"Alikuwa anacheza vizuri."

"Na Mbinya alikuwa wapi?"

"Alikuwa nyuma yako. Alikushikia mwavuli."

Susu alishusha mkono wake kwenye leso, akaushika upindo wake kama mtu anayetafuta kitu alichofunga humo. Hakulia, hakunilaani. Aligeuza uso upande wa njia ya kisima, ambako hawezi kuona chochote, akabaki hivyo. Baada ya muda mrefu akanyoosha mkono wa pili kwangu, kiganja juu.

"Lete."

Nikampa jezi na sindano yake ikining'inia. Alipapasa mgongo wa jezi kwa vidole, akaipata M, akaipata B, akafika kwenye I iliyokuwa nusu.

"Imepinda," akasema.

Akampa Kalekye. Kalekye alifuta mikono kwenye sketi, akaitazama kazi yangu akiisogeza kwenye mwanga. Kisha akaingia ndani akatoka na wembe, akakata herufi zangu zote, M, B na ile nusu ya I, akanirudishia jezi mapajani.

"Anza tena," akasema. "Mbinya akirudi na maji aikute imekamilika. Kama ataivaa au hataivaa, hilo ni lake."

Nikatia uzi kwenye sindano.